Faili moja, nakala mbili: Mgongano wa hifadhi ya 'wingu' na programu za tarakilishi

KILA mwaka Juni 30 inapokaribia, vibanda vya huduma za tarakilishi katika mtaa wa Tena, Eastlands jijini Nairobi, hupokea wateja wanaotaka kuwasilisha taarifa zao za mapato kwa Mamlaka ya Ushuru Nchini (KRA). Baadhi yao hubeba faili zao katika flashi, wengine huzitoa katika baruapepe, na wengine huzifungua moja kwa moja kutoka katika hifadhi za mtandaoni ambazo zimebandikwa jina la 'wingu'.

Ni katika pilkapilka kama hizo ambapo tarakilishi hugoma. Mteja amekwisha kujaza fomu, anabofya kitufe cha kuhifadhi, na badala ya kazi yake kukubaliwa, kioo kinamjibu kwamba faili inatumiwa na programu nyingine. Ajabu ni kwamba hakuna programu nyingine aliyoifungua. Akijaribu tena baada ya dakika moja, faili inahifadhiwa bila matata. Lakini akifungua folda yake kesho yake, anakuta faili mbili zenye majina yanayokaribiana, wala hajui iliyo sahihi ni ipi.

Hasara yake si ndogo. Mtu binafsi anayechelewa kuwasilisha taarifa ya mapato hutozwa faini ya Sh2,000 au asilimia 5 ya ushuru anaodaiwa, kutegemea kiasi kilicho kikubwa. Mwajiri anayechelewesha taarifa ya ushuru wa mishahara, ambayo hutakiwa kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata, hutozwa Sh10,000 au asilimia 25 ya ushuru huo. Faili inayogoma saa nne usiku wa siku ya mwisho yaweza basi kumgharimu mtu fedha taslimu.

Chanzo cha matatizo haya kwa kawaida si virusi wala ubovu wa tarakilishi. Ni mgongano baina ya programu mbili ambazo kila moja inatimiza wajibu wake juu ya faili ile ile.

'Wingu' linavyofanya kazi

Hifadhi ya wingu ni seva zilizo mbali, aghalabu katika nchi nyingine, ambazo huweka nakala ya faili za mtumiaji. Microsoft ilianzisha huduma yake mnamo 2007 ikaiita SkyDrive, kisha mwaka wa 2014 ikaibadilisha jina kuwa OneDrive. Dropbox ilifunguliwa kwa umma mwaka wa 2008, nayo Google Drive ikaanza Aprili 2012.

Kwa Wakenya, huduma hizi zilipata maana baada ya 2009, wakati nyaya za chini ya bahari za Seacom na TEAMS zilipofika Mombasa na kuiondolea nchi utegemezi wa setilaiti. Kabla ya hapo, kutuma faili kubwa ng'ambo na kuirudisha kila mara lilikuwa jambo la gharama na la kuchosha.

Huduma hizi zote zina kitu kimoja kinachofanana. Mtumiaji huweka katika tarakilishi yake programu ndogo ya kusawazisha, nayo huteua folda moja na kuilinda kama mlinzi wa lango. Kila faili inapobadilika ndani ya folda hiyo, programu huisoma, huilinganisha na nakala iliyoko kwenye seva, kisha hupakia mabadiliko. Dropbox, kwa mfano, huigawa faili katika vipande vya hadi megabaiti 4, ikapakia vile vilivyobadilika tu.

Mlinzi huyo hufanya kazi chinichini, bila kumwomba ruhusa mwenye faili. Uzuri wake umo humo, na shida yake imo humo humo.

Siri ya kitufe cha kuhifadhi

Watu wengi hudhani kwamba kuhifadhi faili ni kuandika juu ya ile ya zamani, kama mwalimu anavyofuta ubao na kuandika upya. Sivyo. Programu kama Microsoft Word huchukua tahadhari zaidi.

Kwanza, Word huandika waraka mzima katika faili mpya ya muda ndani ya folda ile ile. Pili, huibadilisha jina faili ya zamani na kuiweka kando. Tatu, huipa faili mpya jina la ile ya zamani. Mwisho, huifuta ile iliyowekwa kando. Excel nayo hufuata njia inayofanana na hiyo.

Utaratibu huu ulibuniwa kwa sababu nzuri. Nguvu za umeme zikikatika katikati ya kazi, mwandishi hubaki ama na waraka wa zamani uliokamilika au na mpya uliokamilika. Hapati waraka ulioandikwa nusu. Katika mitaa ambako stima hupotea bila taarifa, tahadhari hiyo imeokoa kazi nyingi.

Aidha, waraka unapofunguliwa, Word huunda faili nyingine ndogo iliyofichwa, ambayo jina lake huanza kwa alama ya mawimbi na ya dola. Hiyo ni kama kibao cha mlangoni kinachotangaza kwamba chumba kina mtu. LibreOffice nayo ina kibao chake, ambacho jina lake huanza kwa nukta.

Programu ya kusawazisha inapoyaona matukio haya yote, huona faili mpya imezaliwa, ya zamani imehama, nyingine imechukua jina lake, na moja imefutwa, tena kwa muda usiofika sekunde moja. Programu iliyotengenezwa kwa makini hutambua kwamba hayo yote ni tendo moja la kuhifadhi. Hata hivyo, mashine ikiwa nzee au mtandao ukiwa mzito, utambuzi huo waweza kukosea.

Mgongano wa kwanza: Kufuli

Mfumo wa Windows humtaka kila anayefungua faili aseme iwapo anawaruhusu wengine kuisoma, kuiandika au kuifuta kwa wakati huo huo. Asipowaruhusu, wengine hukataliwa mpaka amalize.

Sasa tuseme mhasibu amehifadhi hesabu zake saa tisa kamili. Mara moja programu ya kusawazisha inaifungua faili ili kuisoma na kuipakia. Sekunde tano baadaye mhasibu anasahihisha tarakimu moja na kuhifadhi tena. Excel inataka kuihamisha faili ya zamani, lakini inakuta imeshikwa. Hapo ndipo ujumbe wa kukataliwa hutokea.

Hii ndiyo sababu tatizo huja na kutoweka. Faili ikiwa ndogo na intaneti ikiwa na kasi, mlinzi huishika kwa muda mfupi mno na hakuna anayegundua. Faili ikiwa na picha nyingi, au bando likiwa linakaribia kuisha, muda huo hurefuka na uwezekano wa kugongana huongezeka. Programu za kupambana na virusi, ambazo pia hufungua kila faili mpya ili kuikagua, huongeza msongamano huo.

Katika mifumo ya Linux na ya Apple, kufuli kama hizo kwa kawaida si za lazima. Mtumiaji huenda asione ujumbe wowote wa kukataliwa. Hatari yake ni tofauti: mlinzi anaweza kusoma faili wakati bado inaandikwa, akapakia nakala isiyokamilika.

Mgongano wa pili: Watu wawili, faili moja

Kufuli huhusu programu mbili ndani ya tarakilishi moja. Mgongano mkubwa zaidi hutokea baina ya tarakilishi mbili.

Chukulia chama chenye wanachama 40 kinachoweka daftari lake katika faili ya Excel ndani ya folda inayotumiwa na mhazini na katibu. Jumamosi asubuhi mhazini, akiwa nyumbani Tena na hana intaneti, anaingiza michango ya wanachama 18, kila mmoja Sh500. Jumla yake ni Sh9,000. Saa nane mchana katibu, akiwa katika kibanda kimoja Umoja, anafungua faili hiyo hiyo kutoka kwa wingu, anaingiza mikopo mitatu iliyoidhinishwa, kisha anahifadhi.

Jioni mhazini ananunua bando. Programu yake inagundua kwamba faili iliyo kwenye seva imebadilika tangu alipoipata mara ya mwisho, na ya kwake pia imebadilika. Hakuna iliyotokana na nyingine. Zote mbili ni watoto wa mama mmoja.

Programu haiwezi kuzichanganya, kwa kuwa haielewi maana ya safu na mistari ya Excel. Inachofanya ni kuziacha zote mbili na kuipa moja jina jipya. Dropbox huongeza maneno ya kueleza kwamba hiyo ni nakala iliyogongana, pamoja na tarehe. OneDrive huongeza jina la tarakilishi mwishoni mwa jina la faili.

Mwanachama anayefungua folda Jumapili anaona faili mbili na kudhani moja ni ya ziada. Akiifuta ya mhazini, Sh9,000 zinatoweka vitabuni. Akiifuta ya katibu, mikopo mitatu haionekani. Fedha zenyewe hazijaenda popote, na taarifa ya M-Pesa yaweza kuthibitisha hivyo, lakini kabla ya kufika huko watu wamekwisha kutazamana kwa jicho la shaka. Vyama huendeshwa kwa kuaminiana, na daftari lisiloafikiana na kumbukumbu za watu hubomoa msingi huo.

Kwa nini saa haziwezi kuamua

Wengi huuliza ni kwa nini programu isichague tu faili iliyohifadhiwa baadaye. Jibu lilitolewa zamani, kabla hata ya wingu kuwapo.

Mnamo 1978, mwanasayansi wa tarakilishi kutoka Marekani, Leslie Lamport, alichapisha makala yaliyoonyesha kwamba katika mfumo wa tarakilishi nyingi, saa pekee hazitoshi kueleza tukio lipi lilitangulia. Saa za mashine mbili haziafikiani kikamilifu. Mashine yenye betri kuukuu kwenye ubao wake mama huweza hata kurudi nyuma miaka kadhaa kila inapowashwa.

Zaidi ya hayo, kuwa wa baadaye si kuwa sahihi. Katika mfano wa chama, faili ya katibu ni ya baadaye, ila haina michango iliyoingizwa asubuhi. Mwaka wa 1983, D. Stott Parker na wenzake walieleza mbinu ya kuipa kila nakala hesabu ya mabadiliko yaliyofanywa na kila mashine, ili mfumo utambue kama nakala moja imetokana na nyingine au zimeachana njia. Wazo hilo la kutambua nakala zilizoachana ndilo msingi wa suala zima.

Katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon nchini Marekani, mradi wa Coda ulioanza mwaka wa 1987 chini ya M. Satyanarayanan ulichunguza jinsi mtu anavyoweza kuendelea na kazi akiwa amekatika mtandao, kisha mabadiliko yake yakaunganishwa anaporejea. Funzo moja lilikuwa wazi: mashine huweza kugundua mgongano, ila mara nyingi ni binadamu anayejua namna ya kuusuluhisha.

Kwa Mkenya, kukatika mtandao si nadharia. Mnamo Mei 12, 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilikatika na kuvuruga intaneti katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki. Siku kama hiyo, kila mwenye faili katika wingu hufanya kazi peke yake, na nakala huanza kuachana.

Faili zisizofaa kuwekwa humo

Kuna faili ambazo hazipaswi kabisa kuachwa wazi ndani ya folda inayosawazishwa. Hizi ni faili za hifadhidata, kama zile za QuickBooks ya mezani, Microsoft Access, na masanduku ya barua ya Outlook yenye mkia wa pst.

Tofauti na Word, programu hizi haziandiki faili nzima upya. Hubadilisha sehemu ndogo ndogo ndani yake kila wakati, na baadhi yake, kama QuickBooks, huambatana na faili ya pili inayoweka kumbukumbu za miamala. Faili hizo mbili ni lazima ziafikiane. Mlinzi wa wingu akipakia moja saa tano na ya pili saa tano na dakika moja, kilichoko kwenye seva ni mwili wenye kichwa cha mtu mwingine. Mwenye duka anayetegemea nakala hiyo baada ya kipakatalishi chake kuibwa anaweza kugundua kwamba haifunguki.

Njia salama ni kuacha hifadhidata katika folda ya kawaida, kutumia kitufe cha programu yenyewe cha kutengeneza nakala ya akiba, kisha kuiweka nakala hiyo iliyofungwa katika wingu.

Folda zinazohama kimyakimya

Tatizo jingine hutokana na mipangilio ambayo mtumiaji hakumbuki kuikubali. Katika Windows, OneDrive huweza kuchukua folda za nyaraka, picha na ile ya kioo cha mbele na kuziweka chini ya ulinzi wake. Mtu hudhani anahifadhi katika tarakilishi yake, kumbe yumo ndani ya wingu.

Athari yake huonekana hasa katika fomu za Excel zenye makro, kama zile ambazo KRA imekuwa ikitumia katika mfumo wa iTax. Fomu ikishajazwa na kukaguliwa, makro huzalisha faili iliyobanwa ya kupakiwa kwenye tovuti. Makro za Excel kwa jumla huuliza faili yao iko wapi, na zikiwa ndani ya OneDrive huenda zikajibiwa kwa anwani ya intaneti badala ya njia ya diski. Makro isiyotarajia jibu hilo hukwama.

Isitoshe, nafasi ya bure ni finyu. OneDrive hutoa gigabaiti 5, Dropbox 2, nayo Google 15 ambazo hujumuisha barua za Gmail na picha. Nafasi ikijaa, usawazishaji husimama. Faili huendelea kuhifadhiwa katika diski ya mashine moja huku mwenyewe akiamini kwamba ziko salama mtandaoni.

Vilevile, tangu 2017 OneDrive ina mpango wa kuonyesha majina ya faili bila kuzishusha zenyewe. Alama ya wingu kando ya jina humaanisha kwamba faili haimo kwenye diski. Asiye na bando hawezi kuifungua, hata kama jina lake analiona.

Akaunti ya mteja katika mashine ya kibanda

Katika vibanda vya huduma, kuna hatari inayopita hasara ya kazi. Mteja akiingia katika akaunti yake ya wingu kwenye mashine ya umma na kusahau kutoka, faili zake zaweza kushuka katika mashine hiyo. Nakala ya kitambulisho, cheti cha KRA na barua ya mwajiri hubaki pale mgeni anapoketi.

Sheria ya Kulinda Data ya 2019 humtaka anayeshughulikia data za watu azilinde ipasavyo, na huagiza kwamba uvujaji unaoweza kumdhuru mhusika uripotiwe kwa Kamishna wa Kulinda Data katika muda wa saa 72. Sheria hiyo haiwasemezi wenye mashirika makubwa pekee. Mwenye kibanda anayehifadhi vitambulisho vya wateja naye anahusika.

Mteja anashauriwa kutumia tovuti ya hifadhi badala ya programu ya kusawazisha anapokuwa kwenye mashine isiyo yake, kisha atoke kabla ya kuinuka.

La kufanya

Mwenye kazi ya dharura anapaswa kuinakili faili kutoka katika folda ya wingu hadi folda ya kawaida, kwa mfano moja aliyoiunda moja kwa moja katika diski C, afanyie kazi humo, na kuirudisha akimaliza. Programu nyingi za kusawazisha pia zina njia ya kusitishwa kwa muda. Kusitisha kwa saa mbili ni bora kuliko kupoteza kazi ya saa mbili.

Faili ikikataa kuhifadhiwa, asifunge programu. Ahifadhi kwa jina jipya na mahali pengine, ndipo atafute chanzo. Kazi iliyoko kwenye kioo bado ni hai.

Akiona nakala mbili, asifute yoyote kabla ya kuzifungua zote na kuzilinganisha. Endapo kosa limekwisha kutendeka, huduma hizi huweka matoleo ya awali. Google Drive huweka matoleo ya zamani ya faili kama za Excel kwa siku 30 au hadi matoleo 100, Dropbox ya bure kwa siku 30, na akaunti binafsi ya OneDrive huweka matoleo 25 ya mwisho. Baada ya hapo, hakuna wa kumlalamikia.

Kwa kazi ya watu wengi, kama daftari la chama, ni afadhali kutumia waraka unaohaririwa moja kwa moja mtandaoni. Huko, kila badiliko dogo hutumwa peke yake na kuunganishwa na ya wengine, badala ya faili nzima kushindana na faili nzima. Wasio na intaneti ya uhakika wanaweza kukubaliana jambo jepesi zaidi: mmoja ndiye mwandishi, wengine ni wasomaji, na zamu hubadilishwa kwa simu.

Mwisho, ni vyema kukumbuka kwamba kusawazisha si kuweka akiba. Faili ikifutwa au kuharibika katika mashine moja, uharibifu huo nao husawazishwa hadi mashine nyingine zote. Nakala ya akiba ni ile isiyoguswa na mlinzi yeyote: flashi iliyochomolewa na kufungiwa katika droo, na ambayo mwenyewe hujaribu kuifungua mara kwa mara ili ajue kama bado inasomeka. Wahenga walisema kinga ni bora kuliko tiba, na katika mambo ya faili, tiba mara nyingine haipo.